Mwalimu anayeandika kila kitu: je, achague?

*Swali: Shikamoo mhariri. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari ya binafsi hapa Morogoro. Naandika simulizi za mapenzi na upelelezi. Sehemu za mwanzo naziweka Facebook bure, zinazofuata nauza kwenye kundi la WhatsApp na watu wananilipa kwa M-Pesa. Nina mswada wa riwaya niliouacha katikati. Juzi shirika moja limeniomba niwaandikie mchezo wa redio wa vipindi 26 kuhusu lishe ya watoto. Marafiki wanasema nichague jambo moja, niache kutangatanga. Kinachonitisha zaidi ni kwamba tangu nianze kulipwa, ya kwangu hayaji. Nikiifungua ile riwaya naishia kuitazama tu. Nichague? Na hamu itarudi vipi? Halafu, nitumie jina langu au jina la uandishi?*

Marahaba, mwalimu.

Usichague. Walau usichague kwa sababu hiyo ya marafiki. Wanaokuambia unatangatanga wana picha kichwani ya mwandishi "wa kweli" anayekaa chumbani kuandika riwaya, akala riwaya, akalipa kodi ya nyumba kwa riwaya. Katika Kiswahili mtu huyo ni adimu mno kuwa kipimo cha mtu mwingine.

Wewe unamfundisha Shaaban Robert darasani. Alianza ukarani wa forodha mwaka 1926, akakaa humo hadi 1944, kisha akapita idara ya wanyama, ofisi ya wilaya Tanga na ofisi ya upimaji. Maisha yake yote ya kuandika alikuwa mtumishi wa ofisi. Na hakuandika kitu kimoja: aliandika mashairi, tenzi, insha, riwaya, maisha yake mwenyewe, wasifu wa Siti binti Saad, hata rubaiyati za Omar Khayyam, mshairi wa Uajemi, akazitia katika Kiswahili. Hakuna aliyemwita mtangatangaji.

Au mchukue Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, baba wa riwaya yetu ya upelelezi. Alikuwa mkaguzi wa afya kabla hajaingia magazetini, na kwa miaka mingi alihariri Mkulima, gazeti la kilimo. Hadithi yake ya mpelelezi Bwana Msa ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957–58 wakati yeye ni mwanahabari. Mimi huamini, ingawa siwezi kukuapia, kwamba jicho la Bwana Msa lilinolewa na ile kazi ya ukaguzi. Mtu aliyezoea kuingia majumbani mwa watu na kuchungulia mitaro na mapipa ya maji anajua nyumba inavyosema mambo ambayo mwenyewe hataki kuyasema.

Halafu yupo Abdilatif Abdalla wa Mombasa, aliyefungwa miaka mitatu kwa kijikaratasi cha siasa na kutunga mashairi gerezani kwenye karatasi za chooni. Diwani ilitoka 1973, ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata. Baada ya kifungo alifanya kazi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, kisha akatangaza BBC London, akahariri jarida, akafundisha Leipzig.

Kazi za watu hawa ziligusana. Kila moja iliacha kitu ambacho nyingine ilikuja kukitumia. Hicho ndicho kipimo ninachowapa waandishi wanaokuja mezani kwangu wakiwa na kazi tano mkononi. Kazi hii ikiisha na fedha zikishaliwa, itakuachia nini? Kuna kazi inayokuachia ujuzi, nyingine inakuachia wasomaji, nyingine inakuachia haki, yaani kitu unachomiliki na unaweza kukiuza tena kesho. Ipo pia isiyokuachia chochote zaidi ya hela. Hiyo nayo ni halali, mradi uiite kibarua na uipe saa za kibarua. Tatizo huanza pale vibarua vinapokula saa zote huku wewe unajihesabu kuwa unaandika.

Tuzipime zako.

Simulizi za WhatsApp wengi wa rika langu wanazidharau. Mimi sizidharau. Hadithi za mfululizo ndizo zilizokuza wasomaji wa nchi hii. Magazeti ya udaku ya Dar yaliuzwa kwa kurasa hizo, na watu waliokuwa hawajawahi kununua kitabu walijua leo ni siku ya gazeti gani. Wewe umelirithi soko hilo bila gazeti. Linakuachia mkono unaojua kukata sehemu pale msomaji anapotaka kupiga kelele, na linakuachia watu. Hao watu ndio mali, lakini nashuku hujawaandika popote zaidi ya ndani ya kundi. Kundi likifungwa, au simu ikiibiwa, umerudi sifuri. Fungua daftari la namba na majina, kwa ridhaa yao, uandike nani alinunua nini. Siku kitabu kikitoka, hao mia mbili au mia tatu ndio watakaonunua nakala za kwanza kabla duka lolote halijakubali kukiweka rafuni.

Kuhusu wanaonakili na kuforwadi sehemu zako, na hasa wale wanaofuta jina lako na kuweka lao, nakushauri usipoteze usiku wako kugombana nao. Hakimiliki yako inaanza pale unapoandika; Tanzania na Kenya zote zimo katika Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, na ulinzi hausubiri muhuri wa mtu. Ila siku ya ugomvi utatakiwa uthibitishe. Kwa hiyo ukimaliza simulizi nzima iunganishe iwe faili moja lenye jina na tarehe, uisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, uhifadhi nakala kwenye barua pepe yako. Halafu uiuze pia ikiwa nzima. Wapo wasomaji wengi wasiopenda kusubiri ITAENDELEA, na wako tayari kulipa zaidi wasome usiku mmoja.

Simulizi hizi zina gharama moja isiyoonekana, na nadhani ndiyo inayokukwamisha kwenye riwaya. Kila jioni ukituma sehemu, ndani ya dakika kumi zinaingia meseji: "dada unatuua", "tupe nyingine", na muamala juu yake. Mwili unazoea. Riwaya haikupi kitu kama hicho. Unaweza kukaa nayo mwaka mzima bila mtu kukuambia hata kuwa sentensi moja ni nzuri. Ukiifungua, mkono uliozoea makofi unangoja makofi, hauyasikii, unaweka kalamu chini. Wewe unasema hamu imekufa. Mimi nasema imehamia mahali inapolishwa.

Dawa yake ni ndogo kuliko unavyofikiri: mtafutie riwaya msomaji mmoja. Asiwe wa kundi la WhatsApp. Awe mtu asiyeogopa kukuambia kuwa sura ya nne inachosha, pengine mwalimu mwenzako wa fasihi, na mkubaliane tarehe. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi anapata sura moja iliyochapwa kwenye karatasi, nzuri au mbaya. Nimeona miswada mingi iliyokufa, na mingi haikufa kwa kukosa kipaji. Ilikosa mtu wa kuingoja.

Sasa mchezo wa redio. Uchukue, lakini ujue unaingia kwenye fani yenye historia. Radio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati mwaka 1993, mchezo wa uzazi wa mpango na UKIMWI. Watafiti waliacha eneo la Dodoma bila matangazo hayo hadi 1995 ili walinganishe, na wakaona tofauti. Waliousikiliza wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori, mlevi na mpenda wanawake, na mkewe Tunu aliyemvumilia mpaka akachoka akajitafutia biashara yake. Siri ya michezo ya namna hiyo ni wahusika wa aina tatu: mwema, mwovu, na yule wa katikati anayesitasita, anayekosea, anayebadilika polepole. Msikilizaji humfuata huyo wa katikati. Shirika litakusukuma uweke hotuba nzima ya lishe mdomoni mwa nesi. Kataa kwa adabu. Mpe nesi sentensi mbili, na hoja iliyobaki iingize kwenye ugomvi wa mkwe na mama mkwe juu ya uji wa mtoto. Hapo atasikiliza hata yule aliyekuwa anataka kuzima redio.

Kazi hii itakuachia ujuzi mkubwa: redioni huna "alisema kwa hasira", huna maelezo ya sura ya mtu, una sauti tu. Baada ya vipindi 26, mazungumzo katika riwaya yako hayatakuwa yale yale. Ujuzi huo unauzika pia kwingine. Tamthilia za televisheni zinazorushwa siku nyingi za wiki hula maandishi bila kushiba, na huandikwa kwa timu. Anayejua kumaliza kipindi kwa wakati na kukubali kusahihishwa hutafutwa.

Ila usisaini kabla hujasoma mkataba mara mbili. Angalia malipo yanatolewa kwa awamu au yote mwisho. Omba sehemu wakati wa kusaini, sehemu ukikabidhi nusu, na iliyobaki mwisho. Angalia marekebisho: wakiandika "mpaka mteja aridhike", utaandika mchezo mmoja mara sita kwa bei moja. Omba yawe mawili kwa kila kipindi, zaidi ya hapo walipie. Halafu kuna kifungu cha haki. Shirika kwa kawaida hutaka haki zote za skripti, na kwa kazi ya namna hii si ajabu. Unachoweza kuomba, na mara nyingi hukubaliwa kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza, ni jina lako litajwe kila kipindi na ubaki na ruhusa ya kuwatumia wahusika wako katika kitabu. Kama kila mhusika unayemzaa unamwacha kwenye kabati la mtu, utazeeka huna hata mmoja. Watahitaji pia TIN yako, yaani namba ya mlipakodi, na watakukata kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla fedha hazijakufikia. Dai cheti chake, usije ukalipia tena mwisho wa mwaka.

Tafsiri hukuitaja, lakini mwalimu wa Kiswahili hawezi kuikwepa muda mrefu: miongozo ya afya, vipeperushi, maandishi ya programu za simu. Siku hizi nyingi huja zikiwa zimeshapitishwa kwenye mashine na wewe unaombwa "urekebishe kidogo" kwa nusu bei, ingawa mara nyingi kurekebisha huchukua muda kuliko kuandika upya. Hiyo iweke kwenye vibarua. Tafsiri ya fasihi ni jambo lingine. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare akiwa na nchi ya kuongoza, na sidhani alifanya kwa kukosa shughuli. Kumtafsiri mwandishi mkubwa ni kumsoma kwa kasi ya konokono, neno kwa neno, huku ukilazimika kukitafutia Kiswahili uwezo ambao hukujua kinao. Kurasa mbili kwa wiki, bila kulipwa, zitakufundisha kuliko semina.

Riwaya yenyewe ikikamilika ina njia zaidi ya moja. Kuna Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayoendeshwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Washindi wake wa kwanza walitangazwa Aprili 2023, na wa kwanza katika kundi hupata shilingi milioni 10. Kuna tuzo iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, baadaye Safal, ambayo imetoa riwaya na diwani kadhaa zilizochapishwa na Mkuki na Nyota. Mashindano yana faida hata kwa asiyeshinda: yana tarehe ya mwisho, na wewe unahitaji tarehe. Usisahau Kenya. Huko fasihi ya Kiswahili hutahiniwa sekondari, wachapishaji hukusanya hadithi fupi, na hawabagui mpaka. Hadithi ya Said Ahmed Mohamed, Mzanzibari, ndiyo iliyoupa jina mkusanyiko mmoja uliosomwa kidato baada ya kidato. Hadithi fupi tatu nzuri zinaweza kukufikisha mahali ambapo riwaya ingechukua miaka.

Ukipata mchapishaji, uliza swali moja ambalo waandishi wapya hawaulizi: mrabaha, yaani fungu lako kwa kila nakala inayouzwa, ni asilimia ngapi *ya nini*? Asilimia 10 inasikika vizuri. Tuseme kitabu ni shilingi 10,000. Kama ni asilimia 10 ya bei ya jalada, unapata 1,000 kwa nakala. Kama ni ya fedha anazopokea mchapishaji, naye amempa mwenye duka punguzo la asilimia 40, hesabu inafanyika kwenye 6,000, na wewe unapata 600. Kwa nakala elfu moja tofauti ni laki nne. Zote mbili ni halali. Ujue tu umesaini ipi. Na usiuze haki zote kwa malipo ya mkupuo hata ukiwa na shida ya ada. Sheria yetu inaulinda uandishi wako maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Hiyo ni mali ya wajukuu. Ukiamua kujichapishia, ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, unaipata kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, lakini tafuta mhariri umlipe kabla hujamlipa mchora jalada. Nasema hivi nikijua nina maslahi katika jambo hilo.

Sasa hamu.

Nimeshataja makofi. Sababu ya pili ni kwamba unatoa tu, huingizi. Simulizi, maandalio ya masomo, skripti, vyote vinachota kisima kimoja. Mtu akiniambia msukumo umekauka, namuuliza amesikia nini kipya wiki hii, na mara nyingi hana jibu. Wewe uko Morogoro, kwenye njia panda ya Dodoma na Iringa, mjini kuna stendi ya Msamvu ambako nchi nzima inapita ikila mahindi ya kuchoma. Kaa pale saa moja Jumamosi bila simu. Nenda baraza la kata mgogoro wa mpaka wa shamba unaposuluhishwa, usikilize mtu anavyodanganya kwa kutumia methali. Sikiliza bibi anayechanganya Kiluguru na Kiswahili anapomsema mkwewe. Andika maneno yao kama walivyoyasema, kwenye daftari la karatasi, na usiyatumie wiki hiyo. Yaache yalale. Daftari hilo lisiguswe na simulizi wala shirika. Ni la riwaya peke yake.

Halafu jifunge. Najua ushauri wa kawaida kwa aliyekauka ni ajipe uhuru, aandike chochote. Kwangu uhuru umeokoa wachache. Jaribu tarbia: ubeti mmoja kila asubuhi kabla ya gwaride la shule, mishororo minne, mizani (yaani silabi) kumi na sita kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho, bila kudanganya. Unalifundisha hili kidato cha tatu, lakini lini mara ya mwisho ulilitenda? Ukitafuta kina cha "-nda" akili inaacha kujiuliza kama una kipaji, inaanza kupekua msamiati, na katika kupekua huko hujitokeza neno ambalo hukulitafuta, likaja na mtu au nyumba nyuma yake. Beti nyingi zitakuwa mbovu. Zitupe.

Ratiba yako ina jambo moja ambalo waandishi wengi wangelilipia, nalo ni likizo za shule. Usiache ualimu, hasa sasa. Mshahara huo ndio unaokuwezesha kukataa kazi mbaya. Likizo ya Juni na ya Desemba uzitenge kwa riwaya, na uwatangazie wasomaji wa WhatsApp mapema kwamba utapumzika. Watalalamika, kisha watakungoja. Wakati wa muhula, riwaya ipate ile sura moja ya mwezi, asubuhi, kabla hujafungua meseji. Simulizi ziandike jioni, maana hizo zinaweza kuandikwa hata ukiwa umechoka. Redio iwekee siku mbili za wiki, na ikianza kuomba ya tatu, rudi kwenye mkataba.

Kuhusu jina. Kwa mwalimu wa shule anayeandika mapenzi, jina la uandishi ni busara. Wapo wazazi watakaosoma sehemu ya saba na kuja nayo kwa mkuu wa shule. Tumia jina la uandishi kwa simulizi, na jina lako kamili kwa riwaya na redio. Mikataba yote isaini kwa jina lililo kwenye kitambulisho chako, na ndani yake kitajwe lile la uandishi, ili siku moja usije ukashindwa kuthibitisha kuwa ni wewe. Chagua jina ambalo mtangazaji anaweza kulisoma mara moja bila kukwama, na kabla hujaliamua litafute kwenye Facebook. Kwenye ulimwengu wa simulizi majina mazuri huchukuliwa haraka, na wasomaji wako wakilichapa wakampata mtu mwingine, watamlipa yeye.